Barabara mpya inakuja: uende mkutanoni, uandike barua, au ukimbilie jopo?

Wapimaji wakishapita na vigingi vyao, mtaa mzima hugeuka kuwa wa wahandisi. Huyu kasikia itapita bondeni, yule ana binamu aliyeiona ramani, na mwenye ploti ya pembeni ameshaanza kumwaga msingi ili fidia ipande. Katika zogo hilo linasahaulika jambo moja: sheria ya Kenya inampa mwananchi njia kadhaa za kusema kabla tingatinga halijawashwa. Kila njia ina muda wake na kazi yake, na kuna mambo ambayo haiwezi kuyagusa hata ukilia machozi ya damu. Watu wenye hoja nzito hushindwa mara nyingi kwa sababu moja tu, kwamba waliipeleka kwenye mlango usio wake.

Ninazolinganisha hapa ni tano: mkutano wa hadhara unaoitishwa na washauri wa mradi, maoni ya maandishi kwa NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inayotoa leseni), kikao rasmi cha kusikilizwa, rufaa kwenye jopo la mazingira au kesi mahakamani, na malalamiko kwa mfadhili. Asiye na muda wa kusoma yote achukue hili mapema: ukiwa na nguvu ya kufanya moja tu, andika barua ndani ya muda wa notisi. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza, unagombana na nani?

Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu. KeNHA ina barabara kuu za taifa, KURA ina za mijini, KeRRA ina za vijijini, na serikali za kaunti zina sehemu yao. Malalamiko kuhusu barabara ya KeNHA ukiyapeleka KURA yatapigwa muhuri wa "imepokelewa" na safari yake itaishia hapo. Kwa hiyo kabla ya lolote, tafuta jina la mwenye mradi. Likikosekana kwenye bango, limo kwenye notisi ya gazetini.

Halafu kuna mkanganyiko unaowagharimu watu kuliko mwingine wote. Mazingira na fidia ni mafaili mawili tofauti, katika ofisi mbili tofauti. NEMA huangalia mradi utaharibu nini na utarekebishwaje, hapo ndipo mto, kelele, vumbi, mikoko, makaburi na njia za wanyama zinapozungumzwa. Bei ya shamba lako si kazi yake. Hiyo ni ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012 hutangaza nia ya kutwaa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha hufanya uchunguzi wa fidia usiopungua siku 30 baada ya tangazo. Huko ndiko pa kupeleka hatimiliki, picha za nyumba, hesabu ya miembe na migomba. Wengi hukaa kimya tangu mwanzo, wakafika mbele ya tume wakitaka barabara ihamishwe. Tume haihamishi barabara. Kufikia hatua hiyo mstari umeshachorwa, na mazungumzo yaliyobaki ni ya shilingi.

Jambo jingine la kujua mapema ni ukubwa wa mradi kisheria. Tangu orodha ya miradi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, miradi hupangwa kwa daraja la hatari: ndogo, ya wastani na kubwa. Barabara kuu, na zile zinazokatiza maeneo nyeti kama ardhi oevu, hudaiwa utafiti kamili wa athari kwa mazingira. Barabara ya mtaani inaweza kupita kwa ripoti nyepesi zaidi, na nafasi yako ya kusema hupungua nayo. Ukiona barabara kubwa inaombewa leseni kwa ripoti nyembamba, hiyo yenyewe ni hoja.

Kwa muhtasari

| Njia | Wakati wake | Inachoweza kubadili | Inapolegea |
|---|---|---|---|
| Mkutano wa washauri | Utafiti ukiendelea | Mstari wenyewe, vivuko, mitaro | Usemi hupotea usipoandikwa |
| Barua kwa NEMA | Baada ya notisi, kwa kawaida siku 30 | Masharti ya leseni, au leseni kukataliwa | Inataka usome ripoti |
| Kikao rasmi | NEMA ikiamua kukiitisha | Sawa na barua, kwa uzito zaidi | Si haki ya moja kwa moja |
| Jopo au mahakama | Siku 60 tangu leseni, kwa jopo | Leseni kufutwa | Muda, uchovu, amri kupuuzwa |
| Mfadhili | Kabla na wakati wa ujenzi | Fedha kusimama | Haifai kama pesa ni za serikali yenyewe |

Mkutano: nenda, lakini ujue umekwenda kufanya nini

Kanuni za tathmini za mwaka 2003 ziko wazi. Mwenye mradi atabandika mabango karibu na eneo, atatangaza kwenye gazeti la taifa wiki mbili mfululizo, atatangaza redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na atafanya angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa. Mitatu, tena na watu wenyewe. Kikao kimoja kwa chifu na wazee wanane hakitimizi sharti hilo.

Kinachotokea hasa unakijua. Turubai limefungwa kwenye uwanja wa shule, viti vya plastiki vya mbele ni vya wageni, chifu anafungua kwa sala. Mshauri anaonyesha ramani ambayo kutoka safu ya nne huoni kitu ila mstari mwekundu. Anataja ajira kwa vijana, makofi yanapigwa. Mama mmoja anauliza watoto watavukia wapi kwenda shule, anajibiwa kwamba hilo limezingatiwa. Wakati huohuo karatasi ya mahudhurio inazunguka: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Soda zinagawiwa, watu wanatawanyika.

Ile karatasi ndiyo inayosafiri. Itakuwa kiambatisho mwishoni mwa ripoti, pamoja na picha za mkutano, kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Sahihi yako haionyeshi kama ulikubali au ulikataa, inaonyesha tu kwamba ulikuwepo. Swali la yule mama litaonekana kwenye kumbukumbu kama mwandishi alilinakili, na mara nyingi hulinakili kama "wakazi waliomba usalama barabarani," sentensi isiyomfunga mtu yeyote.

Sisemi usisaini. Ukikataa kusaini hujazuia kitu, umejifuta tu mwenyewe kwenye rekodi. Saini, kisha uliza swali lako ukiwa umelishika kwa maandishi nakala mbili. Moja mkabidhi mshauri mbele ya watu, ya pili abaki nayo katibu wa kamati yenu ikiwa imeandikwa tarehe na jina la aliyeipokea. Omba pia nakala ya kumbukumbu za mkutano kabla hazijaingia kwenye ripoti. Mshauri mwenye heshima hakatai, na anayekataa amekupa aya ya kwanza ya barua yako.

Lipo na dodoso. Vijana hupita nyumba kwa nyumba na karatasi yenye swali kama "Je, unaunga mkono mradi?" ndiyo au hapana. Nani atakataa lami? Jibu lako la "ndiyo" litageuka asilimia kwenye ripoti. Penye nafasi ya maelezo, andika: ndiyo, ikiwa kutakuwa na kivuko shuleni na mtaro usiomwaga maji kwenye mashamba ya chini.

Nguvu halisi ya mkutano iko mahali pasipotazamwa sana: hapo ndipo unapata habari. Kilomita ngapi, upana kiasi gani, murram itachimbwa wapi, maji ya ujenzi yatatolewa mto gani, kambi ya wafanyakazi itakaa wapi. Mashimo ya kuchimbia murram huacha vidimbwi ambavyo watoto huzama na mbu hustawi miaka mingi baada ya mkandarasi kuondoka, na karibu hakuna anayeuliza kuyahusu. Isitoshe, ni katika hatua hii pekee ambapo mstari wa barabara bado ni wa penseli. Kanuni zinataka ripoti ichambue njia mbadala na kueleza kwa nini iliyochaguliwa imechaguliwa. Njia mbadala unayoijua wewe, ile ya juu ya kilima inayokwepa kinamasi, itaingia kwenye uchambuzi sasa au haitaingia kabisa.

Kama unadhani mikutano ikifanyika basi mambo yamekwisha, tazama Lamu. Mfano huu si wa barabara, ni wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, lakini sheria ni ileile. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, muungano wa wakazi, na wenzao walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Mikutano ilikuwa imefanyika. Tatizo ni kwamba ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika: watu walitambulishwa mradi, hawakuletewa matokeo ya utafiti wayachambue. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye turubai ni hili: "Mtarudi lini na matokeo?"

Barua: kazi ngumu yenye malipo

Utafiti ukikamilika, ripoti hupelekwa NEMA, nayo hutangaza kwenye Gazeti Rasmi na magazetini ikiwaalika watu watoe maoni. Notisi hizo zimejaa kwenye MyGov, lile toleo la serikali linaloingizwa ndani ya magazeti, na ambalo wengi wetu hulitupa pamoja na karatasi za matangazo ya supamaketi. Notisi hutaja mradi, athari zinazotarajiwa na namna ya kuzipunguza, mahali ripoti inapopatikana, yaani makao makuu ya NEMA pale Popo Road, wizarani, na kwa mkurugenzi wa mazingira wa kaunti husika, na mwisho muda: siku 30 tangu kuchapishwa.

Siku 30 ni chache kuliko zinavyosikika. Ripoti ya barabara kuu ina mamia ya kurasa. Ukinyimwa ripoti, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Piga hesabu uone zinazobaki. Kwa hiyo ombi la ripoti litumwe siku ileile notisi inapoonekana, na ndani ya barua hiyohiyo uombe muda uongezwe ikiwa itachelewa.

Usisome ripoti yote. Kuna sehemu nne zinazotosha: njia mbadala, hali ya mazingira ilivyo sasa, mpango wa usimamizi wa mazingira (huu huwa jedwali la nani atafanya nini, lini, kwa shilingi ngapi), na kiambatisho cha mikutano. Kwenye hali ilivyo sasa ndiko makosa hujaa, kwa sababu mshauri alipita mara chache, pengine kiangazi, na wewe umeishi hapo masika hadi masika.

Tazama tofauti ya barua mbili. Ya kwanza:

"Sisi wakazi tunapinga vikali mradi huu kwa sababu utaharibu mazingira na maisha yetu."

Ya pili, tuseme:

"Ukurasa wa 84 unasema hakuna kijito cha kudumu kati ya kituo cha kilomita 3 na cha 4. Kijito kipo, kinapita nyuma ya shule ya msingi, na hakikauki. Picha za Januari na za Mei zimeambatishwa. Mpango hauna kalavati mahali hapo. Tunaomba leseni isitolewe mpaka mtiririko wa maji upimwe na michoro irekebishwe, au iwe na sharti la kujenga kalavati kabla tuta la barabara halijainuliwa."

Ya kwanza itahesabiwa: pingamizi moja. Ya pili inamlazimu ofisa kufanya kitu. Atamwandikia mwenye mradi amtake ajibu, na jibu lolote litakalotoka litabaki kwenye faili. Akinyamaza, nako kunyamaza kutabaki kwenye faili, na siku mtakapofika mbele ya jopo, swali la kwanza litakuwa NEMA ilifanya nini na hoja iliyowekwa mezani kwake kwa wakati. Ndiyo maana naiweka barua juu ya njia nyingine zote. Haihitaji wakili wala nauli ya watu hamsini, na inazipa njia zinazofuata kitu cha kushikilia.

Angalizo kuhusu sahihi mia tatu za watu zilizobandikwa chini ya barua moja: barua kumi fupi, kila moja na jambo lake, zina uzito zaidi. Mvuvi aandike ya mto, mwalimu ya kivuko, mama wa sokoni ya mahali atakapohamia. Na ziandikwe Kiswahili bila haya. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kikatiba.

Kikao rasmi

Huu si ule mkutano wa turubai. Ni kikao ambacho NEMA yenyewe inaweza kukiitisha ikishapokea maoni, kikiongozwa na mtu mwenye sifa aliyeteuliwa nayo, kikitangazwa angalau wiki moja kabla. Neno la kuzingatia ni "inaweza". Hukipati kwa kukidai peke yako. Hukipata kwa maoni mengi yenye hoja zinazogongana na ripoti. Kwa maneno mengine, mlango wake ni barua. Kikiitishwa, peleka mtu mmoja anayeijua ripoti na mwingine anayeijua ardhi, na wasirudie maneno.

Jopo na mahakama

Leseni ikitoka na hukuridhika, una siku 60 kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET kwa kifupi. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Wako wanaolidharau jopo na kutaka kwenda moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwa kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Kifungu ni kizuri sana, ila kina mtego. Wakazi wa Kisumu waliokuwa wakizilalamikia kampuni za Kibos walishinda kwanza katika mahakama hiyo mwaka 2019, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaupindua ushindi huo kwa sababu madai yao yalipaswa kuanzia kwenye jopo na kamati ya malalamiko. Walipoteza bila hoja zao kujibiwa. Basi kama kinachokukera ni leseni, anza na jopo, na uhesabu siku zako kwa kalamu nyekundu.

Usitegemee pia kwamba kukata rufaa kutasimamisha mitambo kwenyewe. Omba amri ya kusimamisha kazi siku unapowasilisha. Hata ukiipata, tazama yaliyotokea kwenye reli ya SGR ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi: jopo lilitoa amri ya kusimamisha mwaka 2016, na mwanzoni mwa 2018 mitambo ikaingia hifadhini. Leo treni inapita juu ya nguzo zile na twiga wanapita chini. Mahakama haina tingatinga lake.

Upande wa pili wa mizani uko Serengeti. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilikuwa na mpango wa barabara ya kuunganisha Loliondo na Mugumu, ikikatiza kaskazini mwa hifadhi kwa takriban kilomita 53, kwenye mapito ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaovuka kwenda Maasai Mara na kurudi. Africa Network for Animal Welfare, shirika lenye makao yake Nairobi, lilipeleka shauri Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Hukumu ya tarehe 20 Juni 2014 iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi hiyo, kwa kuwa ingekiuka Mkataba wa Jumuiya. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuifikia mahakama hiyo, wala halazimiki kumaliza kwanza mahakama za kwao. Mtego ni muda: miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au ukijue. Tena inafaa zaidi pale madhara yanapovuka mpaka. Kwa kalavati ya nyuma ya shule, Arusha ni mbali.

Mfadhili, mlango unaosahaulika

Barabara nyingi kubwa za kanda hii hujengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki hizi zina masharti yao ya mazingira na jamii, na mara nyingine ni makali kuliko ya nchi. Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa miradi ya serikali yenye athari kubwa, hutaka ripoti ya tathmini iwe wazi kwa umma siku 120 kabla ya bodi kuamua. Linganisha na zile 30. Ripoti unayonyimwa kaunti unaweza kuikuta kwenye tovuti ya benki, bila kumbembeleza mtu.

Kilichotokea Uganda kinastahili kujulikana zaidi. Kwenye barabara ya Kamwenge, kilomita 66, wakazi wa Bigodi na jirani zao walilalamika Benki ya Dunia kuhusu wafanyakazi wa ujenzi waliokuwa wakiwadhulumu kingono wasichana, pamoja na vumbi, ajali na mengine. Malalamiko yalifika hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, ambalo hupokea maombi kutoka kwa watu wawili au zaidi wanaoathirika, na Desemba 2015 benki ikafuta ufadhili wa mradi huo. Wanakijiji walizuia fedha za mradi wa serikali nzima kwa barua. Angalia pia walichokisema: hawakuipinga barabara, walipinga namna ilivyokuwa ikijengwa. Tathmini nyingi huhesabu miti vizuri na kuwasahau mabinti. Ukisoma ripoti yoyote, tafuta ukurasa unaoeleza kambi ya wafanyakazi itasimamiwaje. Ukikuta aya moja, una barua ya kuandika.

Mlango huu una kikomo chake. Pesa zikiwa za hazina ya serikali, au za mkopo kutoka nchi ambayo benki zake hazina dawati la malalamiko, hakuna wa kumwandikia.

Na kelele za mtandaoni?

Zina kazi yake. Mwaka 2020 barabara ya Expressway ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilikuwa ing'oe mugumo mkongwe wa Waiyaki Way. Watu walipiga kelele, amri ya rais ikatoka Novemba, mugumo ukabaki. Magari yakaanza kupita juu Mei 2022. Kelele ziliokoa mti mmoja wenye jina. Miti mingine kwenye njia hiyohiyo haikuwa na bahati ya kupendeza kwenye picha.

Ukiwa upande wa Tanzania

Mfumo unafanana zaidi ya watu wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini na ushirikishwaji wa umma, NEMC ndiyo iliyopewa kazi ya kupitia ripoti, na kinachotolewa huitwa cheti badala ya leseni. Nguvu ya ziada ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni chombo cha kisheria wala si hisani ya mshauri. Muhtasari wake wenye muhuri una uzito ambao turubai la Kenya halina. Upungufu ni kwamba watu wengi hukutana na barabara kwa mara ya kwanza kupitia rangi ukutani. Sheria ya Barabara ya Tanzania, nayo ya 2007, ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kando yake, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba iliyopigwa X nyekundu huhesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya zamani, haina fidia. X ya kijani ni ya aliyefuatwa na upanuzi, anastahili kulipwa. Ukipigwa nyekundu nawe unaamini ulistahili kijani, huo ni mgogoro wa ardhi na vipimo. NEMC haitakusaidia, tafuta mpima na nyaraka za lini ulijenga.

Basi uchague ipi?

Kama bado ni uvumi na vigingi, mkutano na barua za mapema kwa mwenye mradi ndizo zenye thamani, kwa sababu mstari unaweza kusogea. Kama notisi imeshatoka, acha mikutano yenu ya kila Jumapili, gawaneni kurasa za ripoti. Kama barabara inapita msituni au hifadhini, jiandaeni kwa yote, na msidhani mradi ukikataliwa ndio mwisho wake: barabara ya kukatiza Aberdare kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru ilikataliwa na NEMA miaka ya nyuma, ikarudi, na mwaka 2024 ikapata leseni, ndipo wahifadhi wakaenda mahakamani. Kama wasiwasi wako ni fidia pekee, weka nguvu zako zote kwa Tume ya Ardhi na usiwachoshe wenzako na NEMA.

Kama umechelewa kila mahali, leseni imetoka na siku 60 zimepita, bado kuna karatasi moja ya kuitafuta: leseni yenyewe. Ina masharti nyuma yake, kama kumwagia maji vumbi, saa za kulipua mawe, kufukia mashimo ya murram, vivuko, ukaguzi wa mazingira. Ibandike ofisini kwa chifu na kwenye kibanda cha boda. Sharti likivunjwa, piga picha yenye tarehe, mwandikie mkurugenzi wa mazingira wa kaunti, na nakala iende kwa Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Mkandarasi asiyejali wakazi hujali sana leseni yake ikitajwa kwa namba.